Kijimashua cha Mama

Teotitlán, Oaxaca
12 Septemba 2023

Mpendwa Mama Mdogo Phalla,

Hujambo, na goti lako je? Mvua za Battambang zimelihurumia mwaka huu, au bado zinalichokoza? Mimi na mume wangu Anselmo tu wazima, ila usingizi wangu siku hizi ni mwepesi kama utando wa buibui.

Najua mnakaribia Pchum Ben, sikukuu yetu ya wafu. Mara nyingi naamka nikisikia harufu ya ufuta na wali wa kunata. Kumbe ni ndoto. Jikoni wanakaanga pilipili.

Huko kwetu tunawaendea wafu hekaluni kabla ya alfajiri, tukiwarushia mabonge ya wali gizani. Hapa wafu ndio wanaokuja nyumbani, mwanzoni mwa Novemba, wakifuata njia ya maua ya njano hadi kwenye meza yenye picha zao. Mama hana picha. Mafuriko yaliyomchukua yalichukua na sura yake.

Mwaka jana nilifinyanga mabonge yetu, nikayapanga mezani. Mama mkwe, Mama Eulalia, akacheka hadi akashika ubavu.

"Wee binti! Kwenu mnawatupia wafu wali kama kuku?"

"Wengine midomo yao ni kama tundu la sindano, mama. Bonge likivunjika, punje inapita."

Akauondoa mkate aliomwekea Mama, akarudi na uji wa mahindi, mwepesi kabisa. "Si ungesema mapema? Mwenye mdomo huo anapewaje mkate?"

Asubuhi uji ulikuwa umepungua. Anselmo anasema ni paka. Sikubishana naye, lakini moyo haujatulia tangu siku ile. Mama hakuwahi kuvuka hata Mto Sangker bila kushikwa mkono. Nani angemleta mpaka huku?

Ndiyo maana nakuomba. Siku ya mwisho, mtakapowasindikiza wafu kwa kijimashua cha mgomba, mtilie wali na ndizi kama kawaida. Kisha uiname, umnong'oneze kwa sauti yako anayoijua tangu mkiwa wadogo, asirudi moja kwa moja alikotoka. Sikukuu yenu ikiisha, ya huku ndiyo inakuja. Aje taratibu. Asihangaike kutafuta picha yake mezani, atafute uji.

Nisalimie Babu Sarun, na binamu yangu Maly, mwambie asikuache ushuke ngazi peke yako. Kila mlango utakaoubisha, Mama Mdogo, na ufunguke.

Mwanao akupendaye, macho na ndotoni,
Kunthea