Fuko kwenye kaburi la Kapinga

Kolwezi, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, mwezi wa saba

 Sijui kama kitu kiko ndani yangu ni hasira ama ni nini.

Mi na mudogo wangu Mulumba, anayeniita yaya kwa kuwa mi ni mukubwa wake, tulienda kung'oa majani kwenye kaburi ya mutoto wangu Kapinga. Tukakuta udongo mupya umesukumwa juu yake.

"Yaya, ni fuko!" Mulumba akacheka kabisa. Fuko, panya wa chini ya udongo, nyama anayoipenda tangu utoto. Akafungua tundu na jembe, akasimama karibu. "Ngoja. Hapendi upepo iingie. Atakuya mwenyewe kufunga, kisha namupiga."

Nikamwambia aweke jembe chini.

"Ni nyama tu, yaya."

Nilimutukana. Ndugu wa tumbo moja, nikamutukana mbele ya kaburi. Mungu anisamehe. Akaenda kuningojea barabarani.

Fuko akakuya kweli. Meno mbele, macho kama hayako, akasukuma udongo kidogo kidogo, bila haraka, mpaka tundu ikazibika.

Siku ya kumuzika Kapinga, balinipa udongo mukononi nimutupie. Nikaumwaga chini, nikakimbia. Batu bengine bakamufunika. Miaka mbili sasa, na sijamwambia mutu yeyote namna ile inavyo...

Leo fuko alipomaliza, nilichota udongo na mukono wangu, nikauweka juu ya kaburi, polepole.

Ulikuwa ule udongo nilioshindwa kumutupia siku ile ya kumuzika.