Ng'ombe Asiyeenda Mbweu

Baba watoto,

Mdogo ameota jino la pili, na ule mlango uliouacha umelegea nimeupigilia mwenyewe. Malisho uliyotupangia, nyasi, majani ya mikunde na pumba kwa kipimo, yalimkubali ng'ombe. Maziwa yaliongezeka. Mwenzako wa kazini alipokuja na vipimo vyake alifurahi, akasema sasa mbweu zake zina methani kidogo, hazichafui hewa kama zamani.

Ndipo mama yako akadhani ng'ombe haendi mbweu tena, akaingiwa na wasiwasi. "Mbweu ndiyo shibe," akaniambia. "Ng'ombe asiyeenda mbweu analala njaa. Mwanangu amesoma mpaka amesahau kulisha?" Nikacheka. Laiti nisingecheka!

Juzi nilipopeleka maziwa, huku nyuma alimpa ng'ombe ndoo nzima ya unga wa mahindi. Huruma tu, baba watoto. Sasa ng'ombe ameanguka, tumbo limewambwa kama ngoma. Daktari wa mifugo alimpa dawa, akaondoka bila kunitazama usoni.

Usimkaripie mama, nakuomba. Amehamia zizini, kichwa cha ng'ombe amekipakata kama mtoto mchanga. Nikimpelekea uji anausukuma: "Nitakula akila."

Ng'ombe hataki kula, na mama naye hataki. Nimewabembeleza wote mpaka sauti imenikauka. Mikono yangu ni miwili tu, na sijui nimwinue nani kwanza. Acha kila kitu, uje.

Ni mimi mkeo, uliyeniachia wote wawili.