Bani Niliyomupigia Mama Zawadi

Masisi, siku ya Mungu, saa kumi na moja ya jioni. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza, sasa njo imepumuzika kidogo. Ukungu umefunika milima, ng'ombe hazionekani, unasikia tu kengele zao. Nimefunga butike mapema. Niko naandika haraka kwenye telefone, makosa mutanisamehe.

Leo nimejiona kwenye televiziyo. Heri nisingejiona.

Wenye kunisoma munakumbuka nililoandika hapa juma moja nyuma. Niliandika na hasira, nikasema mabishano ya wakandida wa uchaguzi, ile deba watu wa televiziyo ya Goma walikuja kufanyia kwetu, ilipangwa. Nikasema sale ya parokia, ukumbi wetu wa mikutano, ilijazwa watu wa upande moja. Nikasema mutangazaji alimukata Papa Anselme kila mara, na akamuacha Mwalimu Faustin aseme mupaka mate inakauka. Nikasema wale wa viti vya kushoto walikuja na kazi moja tu, kuzomea. Mukanijibu wengi: kweli dada, sema! Nikalala na furaha.

Sitafuta ile barua. Ikae pale pale, na hii ikae juu yake, watu wazisome zote mbili.

Kwa yule hanijui: naitwa Katungu, mwana wa Butembo, bwana yangu alinileta Masisi na tukafungua butike karibu ya soko. Papa Anselme pia ni mutu wa kwetu. Gari zake mbili njo zinaleta chumvi, sabuni na mafuta kutoka Goma, na zinateremuka mupaka Walikale. Wakati vita inafunga barabara na sisi wote tunakula maharagi bila chumvi, gari yake ya bluu inapita. Inapitaje, sikuulizaka. Ukiwa na butike hapa, yule mutu unamuombea afya kabla ya kujiombea yako. Sasa anatafuta kuwa deputé, mubunge wetu, na mimi nilisema wazi kwamba kura yangu iko yake, kama uchaguzi utatufikia kabla bunduki hazijatufikia tena.

Mwenye kushindana naye ni Mwalimu Faustin, alifundisha miaka mingi kule Kibua, upande wa Walikale. Mutu wa sauti ya pole na koti moja. Sikuwa na ubaya naye. Lakini si wetu, unaelewa? Ilinitosha.

Siku ya mabishano tulijikalia bila kupangwa na mutu. Wafanyabiashara na wanakwaya kuume, wenye kukimbia vita kutoka Walikale kushoto. Mutangazaji, binti kijana mwenye uso wa kazi, akatupa sheria: hakuna makofi, hakuna kelele, mupaka mwisho. Tukaangaliana. Sale nzima inyamaze? Kwetu hata kwenye matanga watu wanaimba.

Hapo lazima niwaeleze bani.

Bani ni makofi ya kuhesabu. Mwenye sauti anasimama, anaita «Bani!», anahesabu moja, mbili, tatu, na mikono yote inapiga pamoja: tatu, tatu, na moja ya kufunga. Tunamupigia mugeni, bibi arusi, mutoto mwenye kupita mutihani. Lakini iko na kazi ingine. Kwenye mikutano ya parokia, kama mutu amekamata neno na hataki kuliachilia, hatumuambii anyamaze, hiyo ni kumupatisha haya. Tunamupigia bani. Anacheka, anashukuru, anakaa. Heshima yake inabaki. Na mwenye kuita bani kwenye parokia yetu, miaka yote hii, ni mimi. Sauti Mungu alinipa, waulize wanakwaya.

Sasa Mama Zawadi. Ni yule mama anauzisha sombe, majani ya muhogo, kwenye baraza ya butike yangu. Alikimbia Kibua na watoto watatu. Bwana yake alikuwa anachimba zahabu Omate, na tangu siku watu wa bunduki waliingia kule, hajaonekana. Hiyo nilijua. Alinieleza mara moja, nikamupa pole na kipande cha sabuni, nikarudia kwa wateja wangu.

Wakati wa maulizo, mikro ilipita viti vya kushoto na Mama Zawadi akasimama. Nilishangaa. Yule hata bei ya sombe anaitaja kwa kunong'ona! Alianza na salamu namna watu wa kwao wanavyosalimia. Akasalimia padri, akasalimia wazee, akasalimia wakandida wote wawili, akataja baba yake na mulima wa baba yake. Ilikuwa ndefu. Mutangazaji akaangalia saa. Halafu Mama Zawadi akageukia upande moja, akasema: «Papa Anselme, gari yako ya bluu...»

Sikujua anataka kusema nini. Nilijua tu kwamba haitakuwa nzuri kwa mutu wetu, mbele ya kamera, mbele ya Goma yote. Nikasema ndani yangu: aah, wamemutuma, Mwalimu njo amemufundisha hayo maneno.

Nikasimama. «Bani!»

Upande wetu wote ukaitika. Hata kushoto wengi waliitika, maana mikono yenye kuzoea bani haingoji akili. Nikahesabu, tukapiga. Nikahesabu mara ya pili, tukapiga tena. Papa Anselme akacheka, akainua mikono, akashukuru wamama wa Masisi. Mutangazaji akasema wakati umeisha. Mama Zawadi akakaa. Nilirudia nyumbani nimenyoosha shingo, na bado niliandika hapa kwamba wenye kuharibu sale ni wale wa kushoto.

Wazee wanasema nyani haoni kundule. Na mimi nilikuwa naisemaka juu ya wengine!

Leo asubuhi motari wa pikipiki mwenye kupelekaka fromaji ya maziwa Goma alirudia na kle ya USB yenye mabishano yote ndani. Televiziyo ya Goma haifiki vizuri huku nyuma ya milima, lakini mimi niko na umeme ya jua na televiziyo kubwa. Baada ya misa butike ikajaa. Wanakwaya walikuja, wauza maziwa na bidon zao, na Mama Zawadi akakaa juu ya gunia ya chumvi, karibu na magoti yangu. Alisema anataka kuona kama ulizo lake walilikata. Mimi nilitafuta hata kijiti cha kuonyeshea. Kweli, kijiti! Nilitaka watu waone upendeleo kwa macho yao wenyewe.

Tukaangalia. Nilihesabu kila mara mutangazaji alikata maneno. Papa Anselme, mara ine. Mwalimu Faustin, mara tano. Nikasema nimekosa hesabu, turudishe nyuma. Tukarudisha. Mara tano, na mwanakwaya moja akacheka chini chini.

Na kelele? Viti vya kushoto vilikuwa vinanong'ona. Vyetu vya kuume, Mungu wangu, ilikuwa soko ya ng'ombe. Mutu anapiga filimbi kila Mwalimu akifungua mudomo, mwingine anagonga kiti. Na sauti ya mwanamuke inayosema «Rudi Kibua!» mara mbili, wazi kabisa. Niliuliza nani huyo mama hana adabu. Nikasikiliza vizuri: ilikuwa sauti yangu.

Hata hapo bado nilikuwa na maneno ya kujitetea, yamepangika mudomoni.

Kisha Mama Zawadi akasimama kwenye televiziyo, na salamu zake zote, na mulima wa baba yake. «Papa Anselme, gari yako ya bluu...» Sauti yangu ikaita bani.

Sikilizeni kitu hiki. Siku ile ndani ya sale hatukusikia kitu ingine kwa sababu ya makofi. Lakini mikro ilikuwa mukononi mwake, kwenye mudomo, na kamera inasikiaka kwa mikro. Mama Zawadi hakunyamaza. Aliendelea kusema chini ya makofi yetu mupaka mwisho, na kila neno lilibaki.

«Gari yako ilipakia watu Omate siku ile ya vita. Bwana yangu alipanda, walimuona. Gari ilirudia bila watu. Sikukuja kukushitaki, Papa. Uniambie tu uliwashusha wapi, niende nimutafute. Ao kama iko kaburi, unionyeshe kaburi.»

Na juu yake: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa.

Kamera ikageuka kutafuta nani anaita. Ikanipata. Mwanamuke wa kitenge cha kijani, mikono juu, meno yote inje, anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Yule mama anaomba kaburi na mimi nacheka!

Mawe, mawe, mawe, ole wangu. Nilitaka chini ipasuke nipite.

Ikageuka tena, ikaonyesha wakandida. Mwalimu Faustin, yule niliyesema amemutuma, alikuwa pale kwenye kiti chake anapiga bani kama sisi, tatu, tatu, moja, anatabasamu. Hakuwa anajua kitu. Hakuna mutu alimutuma Mama Zawadi. Alikuja na ulizo lake moja, alilifunga ndani ya kitambaa ya kichwa mupaka pale mikro ilimufikia. Na Papa Anselme? Papa Anselme hakuwa anacheka bado. Alikuwa karibu na Mama Zawadi kuliko sisi wote. Aliangalia mudomo yake wakati wote alipokuwa anasema, na kicheko kilikuja nyuma tu, bani ya pili ikiisha.

Alimusikia. Sitasema zaidi ya hiyo, maana sijui zaidi ya hiyo. Lakini alimusikia.

Butike ilinyamaza. Ile kunyamaza mutangazaji aliomba siku ile, njo tulimupa leo. Hakuna mwenye kuniangalia. Kijiti kilikuwa bado mukononi mwangu.

Niliinama nikamuuliza Mama Zawadi kama siku ile alijua ni mimi.

«Dada Katungu, sauti yako nitaikosaje?» akasema. «Nilisema labda ulifikiri nimemaliza.»

Juma nzima! Juma nzima alifika na kunisalimia kila asubuhi. Kila jioni aliacha fungu la sombe kwenye mulango wangu, kwa watoto, namna amezoea. Na mimi niliiponda, nikaikula. Alijua, na alinitafutia sababu nzuri yeye mwenyewe, akaniwekea mbele niichukue. Ilikuwa rahisi. Ningeitika ndiyo, watu wote wangepumua, tungezima televiziyo na kurudia kwa kazi.

«Nilijua hujamaliza,» nikamuambia.

Sijui mudomo ulifungukaje. Wanakwaya walisikia, wauza maziwa walisikia. Hakulia. Hakunitukana, na kweli ningefurahi angenitukana. Aliangalia ile ekra ya televiziyo, mutu alikuwa ameirudisha nyuma na kuisimamisha juu ya uso wangu na meno yangu. Alifunga kitambaa vizuri, akaamuka kwenye gunia.

«Basi uulize wewe,» akasema. «Mimi nikiuliza munapiga makofi.»

Akatoka ndani ya mvua. Leo hakuna sombe kwenye mulango.

Nimekaa tangu pale. Bwana yangu alirudia, wamemueleza njiani, na ananiambia: Katungu, fikiri watoto. Anasema Papa Anselme akikasirika, mizigo yetu itabaki Goma mupaka ioze, na nani mwingine anapita hii barabara? Yuko na haki. Nafikiri watoto. Lakini wale watatu wa Mama Zawadi nao iko watoto, na wanauliza baba yao kwa mama hana jibu.

Ninaogopa. Niandike wazi, maana hapa sina kazi ya kudanganya: ninaogopa sana. Ninaogopa hasira ya yule mutu. Ninaogopa jibu pia. Kwa nini sikuulizaka hata siku moja gari yake inapitaje pale wengine wanakufa? Nilipika na chumvi yake, nikaona iko tamu, nikanyamaza.

Kesho gari ya bluu inaniletea chumvi. Papa Anselme atakuwa mbele, kwenye kiti karibu ya shofere, kwa sababu anatoka kusalimia wapiga kura. Itasimama mbele ya butike katikati ya mchana, na watu watajaa namna wanajaaka gari ikifika. Nitasimama kwenye mulango wa gari kabla mufuko moja haujashuka. Nitasalimia vizuri, namna Mama Zawadi alisalimia, nisiruke mutu. Kisha nitasema maneno yake yote, na hii sauti, mupaka kwenye kaburi.

Wamama wa bani watakuwa pale. Wananipenda, na wanamupenda Papa Anselme. Mikono yao niliifundisha mimi mwenyewe.

Nikifika katikati ya ulizo, nani atahesabu moja?