Nakala ya Lori Lako

Tata,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichokuwa ukituandikia ukiwa safarini. "Nimefika Voi. Barabara ni nzuri. Mwambie mama yako." Nilikuwa nausoma ujumbe huo kwa sauti jikoni, kisha namgeuzia Mama kwa Kikisii, naye anajibu kana kwamba umesimama mlangoni. Siku hizi nafundisha Kiswahili huku Ogembo, na nikisahihisha insha za wanafunzi huwa nakumbuka sentensi zako. Zilikuwa fupi, lakini zilifika.

Tangu tukuzike, nyumbani Nyamira kumebadilika kidogo kidogo. Majani chai ya kule chini sasa yanachumwa na jirani, tunagawana. Migomba iliyo upande wako imekuwa mikubwa hata Mama ameanza kuifunga kwa kamba isianguke. Yeye mwenyewe amehamia chumba cha mbele. Wenzako wa malori bado wanampigia simu wakipita Keroka, wanamsalimu, wanakata. Na Bosibori, bintiye mdogo wangu Nyakundi, amejiunga na sekondari, mrefu kuliko baba yake. Anahitaji kompyuta ya masomo, na hapo ndipo habari ninayotaka kukupa inapoanzia.

Unajua kompyuta ninayosema. Ile Nyakundi aliyokuletea baada ya kiharusi kukushika mkono wa kushoto na kampuni kukupumzisha. Ulikuwa umeshinda miezi mingi kwenye veranda ukisikiliza malori yakipanda kilima na kutuambia hili limebeba chai, hili halina mzigo, huyu dereva anaumiza gia. Mama alikuwa anaumia kukusikia. Nyakundi akaleta kompyuta kuukuu ya ofisini, akaiweka sebuleni juu ya ile meza ya kitambaa cheupe, na ndani yake akaweka gemu ya malori. Ulimtazama kama mtu aliyeletewa mwanasesere. Jioni yake ulikuwa umeshatoka gereji.

Likizo ile ya Agosti nilikaa nawe mchana kutwa tukirekebisha mipangilio. Gemu ilitaka mikono miwili, nawe ulikuwa na mmoja. Tukahamisha kila kitu upande wa kulia wa kibodi: usukani, mafuta, breki, gia, taa za kuonyesha unakata kona. Honi ukaitaka kwenye kitufe kikubwa kuliko vyote, kwa sababu mtu akihitaji honi hana muda wa kuitafuta. Kiti cha dereva kwenye skrini ukakipandisha juu. Vioo vya pembeni ukavifanya vikubwa hadi vikala robo ya skrini. Usukani ulipokuwa mwepesi ulikasirika, ukasema, "Huu ni wa baiskeli. Ongeza uzito." Nikaongeza, ukajaribu, ukasema ongeza tena.

Barabara zile zilikuwa za ng'ambo, majina yake hakuna aliyeweza kuyatamka, lakini wewe uliziandika upya kichwani mwako. Mteremko mrefu ukauita Salgaa na hukuwahi kuushuka kwa gia kubwa. Mji wenye daraja ulikuwa Mtito Andei, lazima tusimame tunywe chai, na kweli ulikuwa unasimamisha lori na kumwita Mama alete chai. Ijumaa jua likikaribia kuzama ulitafuta pa kuegesha, Sabato isikukute barabarani, hata kama mzigo ulikuwa unasubiriwa. Nikikuambia kwamba hakuna mtu anayeusubiri, ulinijibu, "Mzigo wowote una mtu anayeusubiri."

Basi, mwaka huu kompyuta ilianza kuugua. Ilikuwa inazimika yenyewe, na ukikaa karibu unasikia ndani yake kitu kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Nyakundi akapiga simu, akasema diski inakufa, ameshapata nyingine mpya, ataipeleka mashine kwa fundi Kisii mjini iwekwe safi kabisa ili Bosibori aitumie. Ni jambo la busara, nami nilikubali. Nikamwomba tu anipe Jumapili moja nitoe vilivyo vyetu kwanza.

Jumapili hiyo nilikaa kwenye kiti chako na diski ndogo ya nje, nikanakili kila nilichokiona. Picha za harusi ya Nyakundi. Rekodi za kwaya ya Mama, zile ambazo mtu anakohoa katikati ya kila wimbo. Barua zako za pensheni. Programu ya mazishi yako, yenye ile picha uliyoichukia. Mwishowe nikanakili na folda nzima ya gemu, nikaona jina lake limefika upande wa pili, nikaridhika. Nikarudi Ogembo na diski kwenye mkoba. Nikamwambia Nyakundi, "Sasa unaweza kuichukua."

Tata, nilinakili bila kuangalia nilichonakili. Siku ya pili yake, baada ya vipindi, nilifungua diski kwenye laptopu yangu. Picha zilikuwepo. Kwaya ilikuwepo. Nikafungua gemu, ikaniandikia, "Karibu, dereva mpya. Andika jina lako."

Nikaandika jina lako, nikidhani labda itakumbuka. Ikanipa lori dogo jekundu ambalo hukuwahi kuliendesha. Kiti kilikuwa chini. Vioo vilikuwa vidogo. Usukani ulikuwa wa baiskeli. Gemu yote ilikuwa pale na wewe hukuwa ndani yake, na nilihisi kifuani kitu ambacho sikukihisi hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ile kulikuwa na watu wengi wa kulisha na sikupata nafasi.

Nikampigia Nyakundi. Nikamwambia, "Usiiguse kompyuta." Akaniambia, "Kwamboka, iko kwa fundi tangu asubuhi."

Sikumbuki vizuri nilivyofika Kisii. Nakumbuka kwamba mvua ilikuwa inanyesha na kwamba Nyakundi alikuwa ananisubiri mlangoni kwa fundi, ameloa. Fundi ni mama mmoja mpole mwenye miwani, duka lake liko nyuma ya soko. Diski mpya alikuwa ameshaifunga ndani ya mashine. Ile yako ilikuwa mezani peke yake, kando ya kikombe. Alikuwa hajaitupa. Nikaanza kueleza habari za gia na vioo, na usukani mzito, nikaona naeleza vibaya, nikaacha. Nyakundi ndiye aliyemalizia. Alisema, "Ni baba yetu. Alikuwa anaendesha lori humo."

Yule mama hakucheka. Akatueleza kwamba gemu nyingi huweka vitu viwili mahali pawili: gemu yenyewe hukaa upande mmoja, na safari za mtu pamoja na mipangilio yake hukaa upande mwingine, kwenye folda iliyofichwa, ambayo hata ukitafuta kwa macho huioni. Mimi nilikuwa nimebeba nyumba nikaacha mwenye nyumba. Akaiunganisha diski yako kwa waya. Ikagonga. Ikanyamaza. Akaichomoa, akasubiri, akaiunganisha tena. Tulisimama hapo mimi na mdogo wangu kama watu walio nje ya wodi.

Mara ya tatu au ya nne ikafunguka. Akaonyesha folda zilizofichwa, na ndani ya mojawapo nikaona faili lenye jina "Tata". Ndilo jina ulilojipa Agosti ile, kwa sababu uliniuliza mimi nakuitaje. Akalinakili. Lilikuwa dogo sana, Tata. Miaka yote ile, barabara zote zile, na zikachukua nafasi ndogo kuliko picha moja ya harusi. Likavuka mara moja. Kisha akajaribu kuchukua na vitu vingine ambavyo sikuwa nimeviona Jumapili, video za Bosibori akiwa mchanga, zile ulizomchukua kwa mkono mmoja zikitetemeka. Hizo hazikufika. Mbili zilifika nusu, zimejaa rangi ya kijivu. Diski ikagonga kwa muda mrefu, ikanyamaza, na haikusema tena. Nyakundi aliichukua na kuitia mfukoni. Zile video zilikuwa za binti yake, na hakunilaumu hata kwa neno moja.

Jumapili iliyofuata tuliirudisha mashine Nyamira. Bosibori atakuwa anaitumia huko likizo, Mama amekataa iondoke. Tukaweka gemu, tukaweka faili lako mahali pake, nikabonyeza. Haikuuliza jina. Skrini ilikuwa nyeusi kidogo, kisha kiti kikapanda, Tata, nilikiona kikipanda, na vioo vikafunguka vikubwa pande zote mbili. Lori lako la bluu lilikuwa limeegeshwa kwenye kituo cha mafuta, limezimwa, taa zimezimwa, breki ya mkono imevutwa. Nyakundi akasema polepole, "Mzee hata kwa gemu ameweka handibreki." Tukacheka. Tulicheka hadi tukashikana mabega, na nadhani ni mara ya kwanza watu kucheka hivyo sebuleni humo tangu uondoke.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akimenya ndizi. Aliuliza kama hilo lori ni lako. Tukasema ni lako. Akaweka sufuria chini, akafuta mikono, akaja karibu. Alisema umeendesha malori tangu kabla ya sisi kuzaliwa na yeye hakuwahi kupanda hata moja, kwa sababu kampuni haikuruhusu na wewe hukuwa mtu wa kuvunja sheria hata kwa ajili ya mke. Nikainuka nimpishe kiti. Nikamwambia aendeshe tu, safari ya kwenda mji wenye daraja ilikuwa imebaki kipande kidogo. Akatikisa kichwa. "Hilo ni lake. Nipatie langu."

Basi nikamfungulia lake. Nikamwambia yeye ana mikono miwili, naweza kumpangia vitufe kama gemu inavyotaka, na kiti nikishushe kwa sababu yeye ni mfupi. Alikataa vyote. Alitaka iwe vilevile ulivyoiacha. Kwa hiyo nikaichukua ile mipangilio yako, nikamwekea kwake, yote, hadi honi.

Akakaa. Mkono wa kushoto akauweka mapajani, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, sijui kama alijua kwamba anafanya hivyo. Alikuwa anaangalia mbele tu, juu ya boneti, barabara ile ndefu na miti pembeni, kisha kioo cha kulia, kisha cha kushoto. Mimi na Nyakundi tulikuwa nyuma yake. Akasema, si kwetu, "Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa anaiona barabara."

Kisha akaondoa lori na kugonga ua wa kituo.

Sasa anaendesha karibu kila mchana, stima ikiwepo. Hajui kurudi nyuma bado. Nimeweka nakala yako mahali patatu: diski moja kwa Nyakundi Kisii, nyingine huku kwangu Ogembo, na nyingine mtandaoni, ambako hakuna mvua. Lako sijaliendesha na sitaliendesha, wala sitamruhusu mtu. Nakuahidi kwamba kila shule zikifungwa nitakaa kwenye meza hiyo na kunakili upya, la kwako na la Mama, na sitaondoka kabla sijafungua nakala na kuona kwamba mmefika wote wawili.

Genda buya, Tata. Nenda vizuri. Mama anasema akishajifunza kurudi nyuma atabeba mzigo wake wa kwanza, na ameniomba nimtafutie safari ya mbali.

Binti yako,
Kwamboka