Mshale Alioukosea Wifi Gloria

Isongole, Rungwe
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Lutufyo,

Hujambo huko Mwanza? Wifi Yudith na watoto wanaendeleaje, kile kikohozi cha wifi kimepoa? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu inatukomesha. Viazi vimekubali.

Kaka, nina jambo linanikera moyoni. Baba anashughulikia hati ya shamba, na ofisi ya kijiji ilitaka ramani ya mipaka. Mimi ndiye niliyezunguka shamba lote na kamba, nikapima mpaka viatu vikajaa tope. Gloria, mke wa mdogo wetu Jacob, alikaa mezani akachora kwa penseli na rula. Pembeni akaweka mshale wenye herufi K, kuonyesha kaskazini. Baba akamwambia "ndaga fijo", asante sana, mara tatu, akawaita majirani: "Mnaona kazi ya msomi?" Mimi wa kamba sikutajwa. Hata wewe juzi kwenye simu ulimuulizia Gloria kwanza.

Basi, ule mshale ulikuwa umegeuka. Gloria ni mtoto wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, na kwao Mlima Rungwe uko kaskazini. Huku kwetu mlima uko kusini, naye akauelekeza mshale mlimani. Niliuona siku ileile ya Ijumaa, nikanyamaza. Nilitaka aumbuke.

Jumanne tulikuwa ofisini na baba na Gloria, karani akasoma mipaka kwa kufuata mshale: kaskazini Mzee Jotham, kusini barabara. Jotham, aliyeitwa kama jirani wa mpakani, akasimama, akamgeukia baba.

"Erasto, miaka arobaini tunapakana, leo unanihamishia barabarani? Na chemchemi yangu unampa nani?"

Baba akainama kuitazama ramani. Sikuvumilia kumwona akidhaniwa mwizi.

"Mshale umekosewa," nikasema. "Nilijua tangu Ijumaa."

Gloria akanigeukia. "Wifi, kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu mimi napima, wewe unasifiwa."

Gloria akachukua kifutio. Akaufuta mshale, akanisogezea penseli nichore mwenyewe. Jotham akatazama, akaridhika, baba akatia saini.

Njiani baba hakunisemesha. Penye utelezi alimshika mkono Gloria. Heri angenigombeza.

Jana nimemwomba Gloria msamaha. Amenisamehe palepale, bila hata kununa, na moyo huo nao nimeuonea wivu.

Baba, Jacob na Gloria wanakusalimu. Wape wifi na watoto salamu zangu. Bwana awafunike nyote kwa amani yake.

Wako akupendaye, hata nikiwa na moyo huu,
Dada yako Ikupa