Aliyepokea Simu Kirgizia

Rubya, Muleba

Mwanangu Evelyne,

Sisi tu wazima, na kahawa tumeanza kuichuma. Juzi nilipiga ile namba yako ya Kirgizia, ambayo kwa miaka miwili nilikataa kuipiga. Ulikuwa kazini, akapokea mumeo. "Shikamoo, baba," akasema polepole. Nikashindwa kukata simu.

Nikamuuliza kwao kukoje. Kwa Kiswahili ulichomfundisha akaniambia kuwa wakati wa joto mnahamia milimani na mifugo, mnalala kwenye mahema ya sufu, na theluji bado iko vileleni. "Evelyne anajua kukamua farasi," akasema. Nilicheka mpaka mama yako akaja mbio kutoka shambani.

Nilikosea kuikataa ndoa yenu. Njooni wote wawili. Mama yako anauliza kama mkwe wetu anakula ndizi.

Baba yako,
Anatory Kahangwa