Gunia la Udongo kwenye Mizani ya Wodi

Jumatatu, 4 Mei

Wodi imeingia mashindano ya kupunguza uzito. Metroni kapanga: tunapimwa kila Jumatatu, na tarehe 22 aliyepungua zaidi anasamehewa zamu za usiku mwezi mzima. Mwezi mzima wa kufinyanga kila jioni — kwa hilo niko tayari kula majani. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwashauri wagonjwa wapungue, kitambi changu kikisikiliza. Nimeanza na kilo 81. Wodini naitwa Pipa. Hawakujisumbua kutafuta jina jingine.

Mchana nikanunua udongo kwa muuzaji wa nyuma ya hospitali, gunia la kilo ishirini. Simwamini. Nikalipandisha kwenye mizani ya wagonjwa: ishirini kamili. Wakati wa kulishusha likaniponyoka, likatua juu ya mizani kwa kishindo. Kitu ndani ya mizani kikalia ka. Mshale ukarudi sifuri. Nikafuta vumbi, nikaenda kubadilisha dripu.

Jumatatu, 11 Mei

78! Na sukari niliacha siku mbili tu. Mke wangu kasema tumbo liko palepale, labda kilo zimetoka kichwani. Majagi matatu yamepasuka tanurini. Mwili unatii, udongo hautaki.

Jumatatu, 18 Mei

73. Metroni kapungua. Wauguzi wote wamepungua, hata mpishi, ambaye akionja sufuria huonja yote. Tukapongezana.

Bibi wa kitanda cha tisa naye kapungua. Aliingia tarehe 3 na kilo 52, leo 47. Tumbo linamuuma, picha haionyeshi kitu. Daktari kasema kilo zikiyeyuka hivi hasubiri: Ijumaa asubuhi anamfungua. Binti wa bibi kaita ndugu zake wote, wamezunguka kitanda wananong'ona.

"Mwanangu," bibi kaniuliza, "hawa wamekuja kuniona au kugawana vyombo?"

Nikamwambia apumzike. Sahani yake ilikuwa tupu, kama kila siku. Nikaiondoa bila kufikiri.

Alhamisi, 21 Mei

Nimenunua gunia jingine, bado limeshonwa mdomo. Mizani ya wodi: 18. Baada ya zamu nikalibeba hadi kwa muuzaji, nikamwita mwizi mbele ya wateja. Hakubishana. Kaliweka kwenye mizani yake: ishirini.

"Haya, panda na wewe, fundi."

Nikapanda. Themanini na nusu.

"Na hizo kilo zako, nani kakuibia?"

Wateja walicheka hadi wakashika kuta. Mimi nilikuwa nahesabu kilo za bibi. Tangu kile kishindo mizani imekuwa ikilegea wiki hadi wiki, sasa inakula moja katika kila kumi. Hamsini na mbili, toa tano: arobaini na saba. Bibi hajapungua hata robo.

Nimempigia daktari mara nne, simu imezimwa. Nikampigia muuguzi wa zamu.

"Pipa," kasema, "ukiona unashindwa usisingizie mizani." Kakata.

Ijumaa, 22 Mei

Saa moja asubuhi nimeingia na gunia begani. Bibi keshavishwa kofia ya upasuaji, kalazwa kwenye machela mlangoni. Nikamwambia metroni leo asinipime mimi, apime hili. Kasoma maandishi ya gunia, kasoma mshale. Karudia. Kisha kaenda mwenyewe kumtoa daktari chumba cha upasuaji.

Daktari kasikiliza akiwa na glavu mkono mmoja. Kaagiza mizani ya wodi ya wazazi. Naisikia inakokotwa kwenye korido, gurudumu moja linalia.

"Kama sikatwi," bibi kasema, "chai yangu iko wapi?"

Metroni kauliza mizani iliharibikaje, akitazama udongo kwenye bega langu. Kisha kanipa fomu ya ajali. Tarehe ya tukio: nimejaza 4 Mei. Mstari unaofuata unataka jina.